Boriti ya chumvi kali: ugumu wake, na umri wake

Mafundi wa nyumba za mawe Lamu huamini kuwa mkoko uliokulia pagumu, penye chumvi kali, ndio unaotoa boriti ya kudumu. Wanaotunza misitu husema mti wa namna hiyo umedumaa, usiguswe. Kila upande una haki yake, ila si kwa sababu inayotajwa.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Mizizi ya mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi hiyo, lakini kadiri udongo unavyozidi chumvi ndivyo mti unavyolazimika kuvuta maji kwa nguvu zaidi. Kiputo cha hewa kikiingia ndani ya mshipa wa maji, mshipa huo huacha kazi. Kwa hiyo mti huunda mishipa mingi: mmoja ukiziba, mingine inaendelea. Utafiti wa Ghuba ya Gazi, Kwale, uliochapishwa 2006, ulionyesha hivyo kwa mkoko: chumvi ikipanda, mishipa huongezeka kwa kila milimita mraba. Hata ndani ya mwaka mmoja tofauti ipo. Piga msasa kichwa cha gogo mpaka kiwe laini, kisha tazama kwa lenzi: sehemu iliyoota wakati wa masika ina vitundu vichache, yaani mishipa iliyokatwa, na ya kiangazi ina vitundu vilivyosongamana.

Lakini kitundu ni tundu. Kinachobeba dari ni kuta nene za nyuzi zilizo katikati ya mishipa, basi wingi wa mishipa peke yake hauthibitishi nguvu. Wala uzito wa boriti mbichi si kipimo, maana nusu ya habari yake ni maji. Hapo fundi namkubalia nusu tu.

Upepo nao una kazi yake. Shina lililoinama ukingoni mwa mkondo hunenepa zaidi upande wa juu, na nyuzi za upande huo zina selulosi (nyuzinyuzi za mmea) nyingi na lignini (kinachougandisha mti) kidogo. Ukilikata utaona kiini hakiko katikati, na msumeno huacha manyoyamanyoya. Likikauka hufupika kwa urefu upande mmoja, likapinda. Kwa dari ni hasara. Kwa jahazi, pindo la asili ni mali: taruma, yaani ubavu wa chombo, la mlilana, aina nyingine ya mti wa mikokoni, lililojipinda lenyewe lina nyuzi zinazofuata mviringo, hazikukatwa na shoka.

Kwenye umri ndipo watunza misitu wanaponishawishi. Seli changa za kambiamu, tabaka la chini ya gome linalonenepesha shina, hutanuka kwa shinikizo la maji. Maji yakiwa adimu, unene huongezeka polepole. Boriti ya sentimita 12 kutoka nyuma ya msitu, karibu na nchi kavu, penye chumvi kali, huenda ikawa na miaka mingi kuliko ya unene uleule kutoka ukingo wa mkondo. Ukikata korija moja, yaani boriti 20, kila sehemu, hasara hailingani. Na mkoko ukikatwa shina hauchipui tena, tofauti na mchu, mti mwingine wa mikokoni, ambao huchipua. Msitu hutegemea mche mpya, ambao nao lazima uanze penye chumvi ileile.

Anayepanga kukata kwa kipimo cha unene pekee anaipa sehemu ya nyuma muda mfupi mno. Ihesabiwe peke yake, na ikiwa miche ya mkoko haionekani chini ya miti mikubwa, shoka lisiingie humo.