Farasi wa Aprili na farasi wa Mei: nani wa kuaminiwa Kentucky Derby?

Ifikapo Machi, wapenzi wa mbio za farasi Marekani hukosa usingizi kwa ajili ya swali moja: kati ya farasi wa miaka mitatu wanaochipukia, yupi atavishwa shada la mawaridi mjini Louisville, Jumamosi ya kwanza ya Mei? Kentucky Derby imekuwa ikifanyika kila mwaka tangu 1875 katika uwanja wa Churchill Downs. Umbali wake ni maili moja na robo, yaani mita 2,000 na ushei, juu ya udongo, na farasi hufika hadi 20. Baada ya dakika mbili hivi kila kitu kimekwisha. Kinachochukua muda ni ule ubishi wa kabla yake.

Ubishi wenyewe, ukiuchuja, una kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema tazama alichokwisha kufanya farasi: amekimbia mara ngapi, kwa muda gani, amemshinda nani. Ya pili inasema hawa bado ni watoto, wanabadilika kila wiki, kwa hiyo tazama anakoelekea. Kila kambi ina mifano ya kutosha kuiaibisha nyingine, na ndiyo maana mjadala hauishi.

Tuanze na watu wa rekodi, kwa kuwa hoja yao ndiyo inayosikika kuwa na akili zaidi. Tangu 2013 nafasi za kuingia Derby hutolewa kwa pointi. Mbio za maandalizi za mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, kama Florida Derby, Santa Anita Derby, Wood Memorial, Blue Grass, Arkansas Derby na Louisiana Derby, humpa mshindi pointi 100, na kwa kawaida hizo zinatosha kumfikisha Louisville. Kabla ya hapo kilichohesabiwa ni fedha za zawadi, hata zile zilizopatikana katika mbio fupi, ndiyo maana farasi wa mbio fupi walikuwa wakipenya hadi Derby na kuvuruga kasi ya mbele kwa wote.

Juu ya pointi kuna alama za kasi. Zinazojulikana zaidi ni zile za Andrew Beyer, ambazo gazeti la Daily Racing Form limekuwa likizichapa tangu 1992. Kanuni yake si ngumu kuielewa: muda wa saa peke yake haukuambii kitu, kwa sababu udongo ukilowa, ukikauka au ukichimbwa upya, kasi ya uwanja mzima inabadilika. Basi unalinganisha mbio zote za siku ile, unapata kipimo cha uwanja, unakiondoa kwenye muda wa farasi wako, na kinachobaki unaweza kukilinganisha na cha farasi aliyekimbia California au New York. Ni kazi nzuri. Na kwa muda fulani ilionekana kana kwamba fumbo limefumbuliwa, kwani kuanzia 2013 hadi 2018 farasi aliyependelewa zaidi na wachezaji kamari, yaani kipenzi, alishinda Derby miaka sita mfululizo: Orb, California Chrome, American Pharoah, Nyquist, Always Dreaming, Justify. Wengi walisema ni matunda ya mfumo wa pointi.

Kisha ikaja 2019, na kutoka hapo hadi 2025 hakuna kipenzi hata mmoja aliyeshinda. Mfumo wa pointi ni uleule. Alama za kasi ni zilezile, tena zimeboreshwa. Nikisoma leo maelezo yaliyoandikwa 2018 kuthibitisha kwa nini mambo sasa yametulia, najifunza kujihadhari na mtu yeyote anayejenga nadharia juu ya mbio sita. Na anayeijenga juu ya mbio saba, nadharia yake haina nguvu zaidi.

Kosa kubwa la watu wa rekodi, kwa maoni yangu, si kuamini namba. Ni kuamini pengo. Farasi akishinda kwa mbali sana mwezi Aprili, watu hurukwa na akili. Wasomaji walioko Dubai watamkumbuka Mendelssohn: Machi 2018 alishinda UAE Derby pale uwanja wa Meydan kwa urefu wa farasi 18 na nusu. Wiki chache baadaye, huko Kentucky, kwenye matope na mvua, akamaliza wa mwisho kati ya 20. Miaka sita baadaye ikawa zamu ya Fierceness. Alishinda Florida Derby kwa urefu wa farasi 13 na nusu, akaingia Louisville akiwa kipenzi cha umma, akamaliza wa 15.

Je, farasi hawa walikuwa wabovu? Hata kidogo. Fierceness alirudi majira ya joto mwaka uleule akashinda mbio kubwa ya Travers. Shida iko kwenye namna ushindi wa mbali unavyopatikana. Mara nyingi farasi anatoka vizuri, anakaa mbele peke yake, hakuna wa kumbughudhi, anapumua anavyotaka, na wale wa nyuma wakishaona mambo yameharibika wapanda farasi wao wanaacha kuwasukuma. Pengo linakua lenyewe. Derby haikupi hayo. Unatoka na wenzako 19, mnaparamiana kuelekea kona ya kwanza, na ukiwa nyuma udongo unakuchapa usoni kwa nguvu ambayo baadhi ya farasi hawajawahi kuionja. Farasi aliyezoea kuona njia nyeupe mbele yake anaweza kukataa tu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Halafu kuna kasi. Mwaka 2022 robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, haraka kuliko Derby yoyote ile iliyopita. Waliokuwa mbele walijimaliza. Epicenter, kipenzi cha mwaka ule, alikaa vizuri nyuma yao, akachukua uongozi kwenye njia ya mwisho, na alistahili kushinda. Ghafla ndani kabisa, karibu na uzio, akatokea Rich Strike, farasi wa 80 kwa 1, yaani dola moja juu yake ingeleta faida ya 80, aliyekuwa amenunuliwa kwa dola 30,000 katika mbio ambazo kila farasi anauzwa kwa bei iliyopangwa, na aliyepata nafasi ya kuingia Derby siku moja tu kabla, baada ya mwingine kuondolewa. Alipita katikati ya waliochoka, akamkwepa mmoja, akashinda. Hakuna alama ya kasi iliyomwona. Wala hakushinda tena mbio nyingine yoyote.

Hapo ndipo watu wa makuzi husimama na kusema: si tuliwaambia? Wana hoja, na inaanzia kwenye kalenda. Huko kaskazini mwa dunia, farasi wote wa mbio huhesabiwa kutimiza mwaka Januari 1, hata kama mmoja alizaliwa mwishoni mwa Januari na mwingine Mei. Siku ya Derby, hao wawili wanaitwa wa miaka mitatu, lakini mmoja ana miezi mitatu au minne ya ziada ya mifupa na misuli. Katika umri huo, miezi minne ni mingi sana. Farasi anayeonekana mzito mwezi Februari anaweza kuwa mwingine kabisa Mei, na bingwa wa mwaka uliopita anaweza kukuta wenzake wamemfikia. Uncle Mo alikuwa bingwa asiye na mpinzani akiwa na miaka miwili. Aprili 2011 akawa wa tatu kwenye Wood Memorial, akaugua, na Derby hakuiona.

Zamani iliaminika kwamba farasi asiyekimbia akiwa na miaka miwili hawezi kushinda Derby. Wa mwisho kufanya hivyo alikuwa Apollo, 1882. Watu wakaiita laana. Justify akaivunja 2018: mbio yake ya kwanza maishani ilikuwa Februari 18, na Mei 5 tayari alikuwa mshindi. Miaka mitano baadaye Mage alifanya vilevile, akiwa na mbio tatu tu mwilini kabla ya Derby. Linganisha na Citation wa 1948, aliyekimbia na kushinda mbio ya kujipima katika uwanja uleule siku nne tu kabla ya Derby. Leo mkufunzi akifanya hivyo atashtakiwa kwa umma kabla ya jioni.

Ila watu wa makuzi nao wana upofu wao, tena mbaya zaidi kwa sababu ni vigumu kuupima. Ukisema “farasi huyu anaendelea kukua,” umesema jambo ambalo haliwezi kukanushwa hadi mbio ziishe. Kila mwaka wanaingia farasi kadhaa wenye uzoefu mdogo wanaosifiwa kwa vipaji visivyoonekana bado, na wengi wao humaliza katikati ya kundi wasizungumzwe tena. Tunawakumbuka Justify na Mage. Wengine wote tumewasahau, na hesabu ya haki ingewajumuisha.

Makuzi pia hayaheshimu ratiba. Mwaka 2017 Thunder Snow, mshindi wa UAE Derby, alitoka kwenye lango la kuanzia Churchill Downs akaanza kurusha mateke na kuruka kama aliyepandwa na mashetani. Mpanda wake akamsimamisha, safari ikaishia pale. Farasi huyohuyo akaja kushinda Dubai World Cup mara mbili, 2018 na 2019. Aliyesema ana kipaji alikuwa sahihi. Aliyeweka fedha yake siku ile hakupata hata cha kuangalia.

Kuhusu bei ya mnada sina mengi. Seattle Slew alinunuliwa kwa dola 17,500, akachukua mataji yote matatu makubwa 1977, yaani Derby, Preakness na Belmont. The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16 mwaka 2006, akakimbia mara tatu, hakushinda hata moja. Anayetumia bei kama kipimo anapima mifuko ya matajiri.

Takwimu za lango zinahitaji jicho kali zaidi. Hadi 2025 hakuna farasi aliyeshinda akitokea lango namba 17, na kila mwaka watangazaji wanalisema hilo kwa sauti nzito. Namba 16 na 18 zimeshatoa washindi, na hakuna mtu anayeweza kueleza lango la katikati yao lina ubaya gani. Hiyo ni bahati tu. Lango namba 1 ni kitu kingine: wa mwisho kushinda hapo ni Ferdinand, 1986, na sababu inaonekana kwa macho, maana wenzake wote wanabana kuelekea ndani na yeye ana uzio ubavuni. Hilo la pili nalihesabu. La kwanza nalicheka.

Basi mimi nasimama wapi? Nipe farasi aliyeshindwa vizuri kuliko aliyeshinda kwa raha. Mage alikuwa wa pili kwenye Florida Derby. Sovereignty, mshindi wa 2025, naye alikuwa wa pili kwenye Florida Derby ileile ya mwaka wake. Secretariat mwenyewe, anayeshikilia rekodi ya dakika 1 sekunde 59 na mbili ya tano tangu 1973, alitoka Wood Memorial akiwa wa tatu, na baadaye ikajulikana alikuwa na jipu mdomoni. Ninachotafuta kwa farasi wa namna hiyo ni mita 200 za mwisho. Mbio nyingi za maandalizi ni maili moja na moja ya nane. Derby inaongeza mita 200, umbali ambao karibu hakuna kati yao aliyewahi kuufikia. Anayekaribia aliye mbele wakati mstari unafika ana cha kutumia kwenye nyongeza hiyo. Anayeongoza huku hatua zake zinafupika, hata kama ameshinda, ameshakwambia mwisho wake uko wapi.

Sovereignty alikuwa na sifa hiyo, na zaidi: Oktoba 2024 alishinda akitokea nyuma palepale Churchill Downs. Kwa Godolphin, zizi la Sheikh Mohammed wa Dubai, alikuwa ndiye jibu la zaidi ya miaka 20 ya kujaribu, wakiwa wameleta farasi walioandaliwa jangwani na walioandaliwa Marekani, akiwemo Essential Quality, aliyefika 2021 bila kushindwa hata mara moja na akavuka mstari akiwa wa nne. Journalism, kipenzi cha 2025, alimaliza wa pili, na wiki mbili baadaye akashinda Preakness. Namba zake hazikuwa za uongo.

Na hapo ndipo ninapogombana na kambi zote mbili. Zinachanganya maswali mawili: yupi ni farasi bora, na yupi atashinda Jumamosi ile. Mwaka 2024 Mystik Dan alishinda kwa pua, yaani kwa tofauti ndogo kabisa, baada ya mpanda wake Brian Hernandez Jr. kumpitisha kwenye upenyo mwembamba karibu na uzio, huku nje Sierra Leone na Forever Young wa Japani wakigongana hadi mstarini. Miezi sita baadaye Sierra Leone alishinda mbio kubwa ya Breeders’ Cup Classic, na mwaka uliofuata Forever Young akaichukua hiyohiyo. Mystik Dan hakuwafikia tena. Lakini siku ile alistahili, kwa sababu alipita njia fupi kuliko wao, na njia fupi ni sehemu ya mbio.

Kuna jambo moja ambalo kambi zote mbili hulipita haraka. Mwaka 2023 farasi saba walikufa Churchill Downs kabla ya jioni ya Derby kuisha, na kufikia Juni mbio za uwanja huo zikahamishiwa uwanja mwingine, Ellis Park. Asubuhi ya Derby yenyewe daktari wa serikali alimwondoa Forte, aliyekuwa anatarajiwa kuwa kipenzi, kwa mchubuko wa kwato. Mashabiki walikasirika. Mimi naona daktari yule ndiye aliyefanya tathmini bora kuliko sisi sote: hakujali pointi wala ukoo, aliangalia farasi anavyotembea. Wanaotaka farasi wakimbie mara nyingi wanasema mfupa huimarika kwa kutumika, na wana ukweli. Wanaotaka wapumzishwe wanasema mfupa uliochoka hauonyeshi dalili hadi uvunjike, na wana ukweli pia. Kwa hiyo mwakani orodha ikitoka, kabla sijatazama alama ya kasi ya mtu yeyote, nitatazama mazoezi ya asubuhi ya wiki ya mwisho na kumtafuta anayebadilisha mguu unaotangulia bila kulazimishwa anapotoka kwenye kona.