Drafti ya NFL: kujua nani atachukuliwa si kujua nani atacheza

Aprili 2018 makwotabeki watano, yaani wachezaji wanaoongoza mashambulizi ya timu, walichukuliwa katika raundi ya kwanza ya drafti, zoezi la kila mwaka la kugawana wachezaji wa vyuo katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Cleveland Browns walianza na Baker Mayfield. New York Jets wakamchukua Sam Darnold nafasi ya 3, Buffalo Bills wakampata Josh Allen nafasi ya 7, Arizona Cardinals wakaenda na Josh Rosen nafasi ya 10. Baltimore Ravens ndio waliofunga raundi, nafasi ya 32, kwa Lamar Jackson. Jackson alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili, 2019 na 2023. Allen aliipata tuzo hiyohiyo kwa msimu wa 2024. Rosen alimaliza msimu mmoja Arizona, kisha klabu ikamchukua Kyler Murray nafasi ya 1 na kumuuza yeye Miami. Mayfield aliondoka Cleveland baada ya misimu minne, na jina lake likafufuka Tampa Bay. Darnold alihama klabu baada ya klabu hadi 2024, alipowaongoza Minnesota Vikings kushinda mechi 14.

Ukiwapanga watano hao kwa kile walichofanya uwanjani, orodha ya usiku ule inakaribia kugeuka chini juu. Ndiyo maana kila mwaka, majira ya kuchipua yanapofika Marekani na kila mchambuzi anapotoa orodha yake ya watakaochukuliwa mapema, mimi huuliza swali moja kabla ya kusoma jina la kwanza: huyu anatabiri nini hasa? Anatabiri klabu zitafanya nini usiku ule, au anatabiri vijana hawa watakuwa nani miaka mitano ijayo? Hizo ni kazi mbili tofauti, na kuzichanganya kumezigharimu klabu, na vijana pia, kuliko kosa lolote la hesabu.

Kwa msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka, utaratibu ni huu. Klabu 32 huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, raundi saba, na iliyomaliza msimu ikiwa na rekodi mbovu kuliko zote huchagua kwanza. Mchezaji hachagui timu. Klabu ikishamtaja, haki ya kuzungumza naye mkataba ni ya klabu hiyo peke yake. Zamu yenyewe ni mali, kwa hiyo inauzwa na kubadilishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la thamani: nafasi ya 1 pointi 3,000, ya 2 pointi 2,600, ya 32 pointi 590. Ligi nzima ilikuja kulitumia jedwali hilo kama bei ya soko, na mpaka leo kivuli chake hakijaondoka.

Tuanze na upande wa watabiri, maana wana hoja nzito.

Katika utabiri wa aina ya kwanza, kilele cha drafti husomeka. Joe Burrow 2020, Trevor Lawrence 2021, Caleb Williams 2024, Cam Ward 2025: wote walijulikana kuwa namba moja kabla Kamishna wa ligi hajapanda jukwaani kutangaza majina. Ukitazama drafti kumi, za 2016 hadi 2025, nane zilianza na kwotabeki. Waliovunja mfululizo ni Myles Garrett 2017 na Travon Walker 2022, wote wawili watu wa kumwinda kwotabeki. Sababu haihitaji ramli. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira, anayesoma ulinzi na kuamua kurusha, kukabidhi au kukimbia, yote ndani ya sekunde chache, na klabu isiyo naye haiendi mbali. Klabu inayochagua kwanza kwa kawaida imefika hapo kwa sababu haina mtu wa kazi hiyo.

Hata katika aina ya pili, macho ya maskauti, watafuta vipaji wa klabu, si vipofu. 1998 Indianapolis Colts walipaswa kuamua kati ya Peyton Manning na Ryan Leaf, na wapo waliosema hakuna tofauti kubwa. Colts walimchukua Manning. San Diego Chargers, ambao tayari walikuwa wamelipa ili wapande kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2, wakabaki na Leaf. Manning yuko katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huu, Leaf akawa garasa linalotajwa hadi leo. Tofauti ilikuwepo, na kuna watu waliiona. 2007 nako, baada ya Oakland Raiders kuteleza kwa JaMarcus Russell, nafasi ya 2 ilimleta Calvin Johnson na ya 3 Joe Thomas, wote sasa wamo katika Ukumbi huo. Anayesema drafti ni bahati nasibu tupu aeleze hao walitokea vipi juu kabisa ya orodha.

Mfano wa zamani unaopendwa zaidi upande huu ni wa 1994. Mel Kiper, aliyekuwa akichambua drafti kwenye televisheni ya ESPN tangu 1984, aliwakosoa Colts hewani kwa kumchukua Trev Alberts nafasi ya 5 na kumwacha kwotabeki Trent Dilfer. Bill Tobin, aliyekuwa akisimamia usajili wa Colts, alikasirika na kumshambulia kwa maneno makali mbele ya kamera, akihoji Kiper ni nani hata awafundishe watu wa mpira kazi yao. Alberts, akisumbuliwa na majeraha, alistaafu baada ya misimu mitatu. Dilfer alikuja kushinda Super Bowl, fainali ya ligi, akiwa na Ravens. Mtu wa nje, mwenye kalamu na kanda za video, alikuwa ameona jambo ambalo ofisi nzima ya klabu haikuliona.

Lakini hapo hapo pana mtego. Majeraha ya Alberts hakuna aliyeyatabiri. Dilfer alishinda Super Bowl hiyo nyuma ya ulinzi mmojawapo bora kuwahi kuonekana, tena miaka zaidi ya sita baada ya drafti na katika klabu isiyomchagua. Tukimpa Kiper pointi kwa hilo, tunampa pointi kwa mambo yaliyotokea nje ya hoja yake.

Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alipata Tuzo ya Nobeli 2017) walilichukua swali hili wakaliweka kwenye hesabu. Waliwalinganisha wachezaji wa nafasi moja ya uchezaji, aliyechaguliwa na yule aliyefuata kuchaguliwa baada yake, wakauliza ni mara ngapi wa kwanza alikuwa bora. Jibu lilikuwa kama asilimia 52. Rusha sarafu, utapata 50. Walionyesha pia kwamba klabu hulipa kupita kiasi ili kupanda juu ya foleni, kwa sababu kila mmoja ana hakika kwamba jicho lake ni kali kuliko la jirani.

Mimi naiamini hesabu hiyo, ila naisoma kwa uangalifu. Haisemi kwamba wa 1 na wa 100 ni sawa. Mteremko upo: kadiri unavyoshuka, wastani unashuka. Inachosema ni kwamba kati ya mtu na anayemfuata, ujuzi wetu unakaribia sifuri, na hapo ndipo klabu hutoa mali nyingi kuliko popote.

Tazama 2017. Chicago Bears walikuwa nafasi ya 3. Wakawapa San Francisco 49ers zamu hiyo pamoja na zamu nyingine tatu ili wapande ngazi moja tu, wakamchukua Mitchell Trubisky. Patrick Mahomes alikaa hadi nafasi ya 10, Kansas City Chiefs walipopanda kutoka ya 27 kumfuata. Watu hulieleza tukio hili kana kwamba Chicago hawakuwa na macho. Mimi nadhani linafundisha jambo jingine. Mahomes alifika kwa kocha Andy Reid, akakaa benchi karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith, akajifunza bila kuharibiwa. Je, angekuwa Mahomes huyuhuyu Chicago? Hakuna anayeweza kuthibitisha, na hiyo ndiyo shida: tunatabiri mchezaji kana kwamba anabeba maisha yake yote ndani ya mwili wake, ilhali nusu ya jibu iko kwa kocha, kwa wanaomlinda, na kwa subira ya mwenye klabu.

Josh Allen ni ushahidi wa hilo kutoka upande wa pili. Chuoni Wyoming alikuwa akifikisha karibu asilimia 56 tu ya mipira aliyorusha, na wachambuzi wa takwimu walisema usahihi haufundishiki. Mwaka wake wa kwanza Buffalo ulikuwa mbaya, kama walivyosema. Klabu ilivumilia, ikampa makocha waliokaa naye, 2020 ikamletea mpokeaji wa pasi Stefon Diggs, na usahihi ukaja. Takwimu zilikuwa sahihi kuhusu alichokuwa, zikakosea kuhusu alichoweza kuwa.

Majaribio ya Indianapolis, ambako vijana hupimwa mbio za yadi 40 na mengineyo, yanaongeza kelele kuliko mwanga. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi ya wakati huo, akachukuliwa wa 9. Hakuwahi kuwa mpokeaji wa kiwango hicho. Mchagua nazi hupata koroma.

Turudi kwenye aina ya kwanza ya utabiri, kwa sababu nayo huporomoka haraka ukishapita majina mawili matatu. Machi 2021 San Francisco 49ers walitoa zamu tatu za raundi ya kwanza, na nyingine ya raundi ya tatu, ili wapande kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3. Kwa mwezi mzima wachambuzi wengi waliandika jina la Mac Jones pale. Jina lililoitwa likawa la Trey Lance. Klabu zina kila sababu ya kuficha nia, na mawakala wana kila sababu ya kuvujisha yanayowafaa. 2023 matokeo ya jaribio moja la uwezo wa akili la C.J. Stroud yalivujishwa, na maneno yakaenea kwamba Houston Texans watampita. Walimchukua wa 2, akawa chipukizi bora wa msimu huo upande wa mashambulizi. Will Levis, ambaye wengi walimweka ndani ya raundi ya kwanza, alikaa ukumbini usiku mzima bila jina lake kuitwa, akachukuliwa kesho yake wa 33.

Hata mahitaji ya klabu, chombo kikuu cha watabiri, hayatoshi. 2006 New York Giants walikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora, wawindaji wawili wa hali ya juu, lakini nafasi ya 32 walimchukua mwindaji mwingine, Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Walichukua kipaji, hawakujaza pengo.

Kuna hoja moja ya utetezi ninayoikubali nusu. Tangu 2011 mishahara ya wanaochaguliwa ina kipimo. Sam Bradford, namba moja wa 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 na milioni 50 za uhakika. Cam Newton, namba moja wa mwaka uliofuata, alipata takriban milioni 22. Kukosea siku hizi hakufilisi. Sawa, upande wa fedha. Lakini gharama imehamia kwenye zamu. Carolina Panthers walipanda kutoka nafasi ya 9 hadi ya 1 mwaka 2023 kumchukua Bryce Young, wakawapa Bears zamu nne pamoja na mpokeaji wao bora, D.J. Moore. Mojawapo ya zamu hizo ilikuwa ya raundi ya kwanza ya 2024. Carolina walishinda mechi mbili tu kati ya 17, na zamu hiyo ikawa nafasi ya 1, ikamleta Caleb Williams Chicago. Walishindwa kumtabiri si kijana tu. Walishindwa kujitabiri wenyewe. Nao 49ers walinusurika kosa la kumchukua Lance kwa sababu 2022 walimwokota Brock Purdy wa 262, mtu wa mwisho kabisa, naye akawafikisha Super Bowl ya Februari 2024.

Kinachoniuma ni bei wanayolipa vijana. Shedeur Sanders aliwekwa na orodha nyingi za mapema za 2025 ndani ya nafasi tano za juu. Akashuka hadi raundi ya tano, wa 144. Waliomweka juu hawakupoteza chochote; yeye ndiye aliyetazamwa na nchi nzima akisubiri siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila pasi anayorusha sasa inapimwa kwa nafasi ambayo hakuna klabu iliyowahi kumuahidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Orodha ya utabiri ina faida kama usomaji wa hali ya klabu, na kwa nafasi mbili tatu za kwanza naiheshimu. Ningependa kila mchambuzi aandike jina pamoja na uhakika wake kwa asilimia, na aweke safu ya pili, iliyotengwa, ya nani anaamini atadumu, kisha aziache zote mbili zisomwe miaka mitano baadaye. Na klabu inayotaka kutoa zamu za mwaka ujao ili ipande ngazi moja au mbili, ningeishauri ibaki ilipo, isipokuwa haina kwotabeki kabisa na inaona mmoja tu mbele yake.

Jacksonville Jaguars walifanya kinyume 2025. Walipanda kutoka nafasi ya 5 hadi ya 2 kumchukua Travis Hunter, anayecheza kama mpokeaji na kama mlinzi wa pembeni, wakawaachia Browns, pamoja na mengine, zamu yao ya raundi ya kwanza ya 2026. Hakuwa kwotabeki, kwa hiyo kwa kipimo changu bei ilikuwa kubwa mno. Mkataba wake ni wa miaka minne. Ukiisha akiwa amecheza pande zote mbili kwa kiwango cha juu na mwili wake umehimili, basi ni kipimo changu, wala si cha Jaguars, kitakachohitaji kurekebishwa.