Biolojia bila udaktari: chuo gani kwa kijana wa Kusini?

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, nyumba nyingi za Mtwara na Lindi huwa na ubishi uleule. Kijana kamaliza kidato cha sita, biolojia kafaulu vizuri, na anasema udaktari hautaki. Ushauri unaokuja haraka ni kwamba achague chuo kikubwa chenye jina, ikiwezekana chenye shule ya tiba, ili akibadili mawazo awe karibu na mlango.

Wanaosema hivyo hawabahatishi. Daktari akihitimu, kazi yake ina jina linalojulikana hadi kijijini. Mhitimu wa zuolojia hubaki kujieleza, na kwenye matangazo ya ajira anajitafuta chini ya vyeo kama ofisa utafiti. Mzazi aliyeuza korosho alipe ada ana haki ya kuuliza mshahara utatoka wapi.

Lakini habari ya kuwa karibu na mlango haina msingi. Udaktari una udahili wake, na fizikia ni lazima. Aliyesoma CBG (kemia, biolojia na jiografia) mlango huo aliuacha kidato cha tano. Wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) naye akitaka kuhama, ataomba kama waombaji wengine. Kusoma jengo la jirani hakumwongezei alama.

Tutazame korosho, maana ndiyo inayotulisha. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Wazee wakiulizwa watataja operesheni ya vijiji iliyowatenga watu na mashamba yao, watataja na bei mbovu. Ni kweli yote mawili. Ila hata mikorosho iliyohudumiwa ilikuwa ikipigwa na ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu ulioanza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukishika shada la maua lililougua, unga mweupe unabaki kidoleni. Siku chache baadaye shada lote ni kahawia, limekauka, halikushika hata korosho moja. Kupandisha bei kusingeua kuvu. Alihitajika mtu wa kujua kuvu huyo humkuta mkorosho katika hatua gani, ili salfa ipulizwe kwa wakati wake, alfajiri, upepo umetulia na umande ungali majanini. Kazi hiyo ilifanyika hapa hapa, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Msimu wa 2017/18 nchi ilipita tani 310,000. Bei na pembejeo zilichangia, sikatai, lakini maua yasingeokolewa kwanza, bei nzuri ingenunua nini? Na kazi haijaisha: salfa ya miaka mingi huongeza asidi ardhini, na anayeweza kutuambia tufanyeje hatoki wodini.

Kwa kijana anayevutwa na mambo hayo, naona SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndiyo ianze kwenye orodha. Bioteknolojia, wanyamapori, ufugaji wa samaki na kilimo vinafundishwa sehemu moja, na mashamba yako palepale chuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho si cha kufuata jina tu. Kina mikrobaiolojia na biolojia ya molekuli, na kwa upande wa bahari kina taasisi yake Zanzibar. Aliyekulia Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyoanzishwa mwaka 2000, au Kilwa, ambako silikanti, samaki wa kale aliyewahi kudhaniwa ametoweka duniani, alivuliwa jirani na Songo Mnara mwaka 2003, ana sababu ya kukitanguliza.

Jina la chuo lisaidie tu pale vingine vikilingana. Kabla ya hapo aulizwe mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa idara yenyewe, si mtu wa ofisi ya udahili: darubini moja mnatumia wangapi? Utafiti wa mwisho kila mtu anafanya wake au mnagawana kwa makundi? Mafunzo kwa vitendo unachagua pa kwenda, au unapangiwa ofisi ya kupanga mafaili? Chuo kitakachomruhusu kijana kurudi Naliendele miezi ambayo mikorosho inatoa maua ndicho cha kuandikwa nafasi ya kwanza, hata kama mjomba hajawahi kukisikia.