Bonasi ya ufanisi haiingii kwenye kikokotoo

Serikali inapotangaza kuwa watumishi wake watalipwa kulingana na utendaji, mjadala huelekea palepale: nani mchapakazi, nani mtegeaji, bosi gani atapendelea watu wake. Mimi huuliza kwanza jambo jingine: hiyo hela ya ufanisi inakatwa mchango wa pensheni, au haikatwi?

Maana pensheni nyingi za serikali hazitazami jumla ya unachopokea. Zinatazama mshahara wa msingi, miaka ya utumishi na asilimia iliyowekwa na sheria. Marekani, mtumishi wa serikali kuu aliye kwenye mfumo wa pensheni uitwao FERS kwa kawaida hupata asilimia 1 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miaka yake mitatu minono zaidi, mara miaka aliyotumikia. Bonasi na tuzo za utendaji hazimo.

Chukua watumishi wawili, kila mmoja anapokea 1,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa kwanza, yote ni mshahara wa msingi. Wa pili ana 600 za msingi na 400 za ufanisi. Wakistaafu baada ya miaka 30 kwa asilimia hiyo 1, wa kwanza anapata pensheni ya 300, wa pili 180. Na huyu wa pili ndiye aliyekuwa akisifiwa kwenye kila tathmini!

Kuna la chinichini zaidi. Nyongeza ikishaingia kwenye mshahara wa msingi haitoki, na ya mwaka unaofuata hukaa juu yake. Bonasi huanza sifuri kila mwaka. Kwa hiyo wakubwa wakituhakikishia kuwa "mshahara wa msingi haujaguswa", huenda wanasema kweli tupu: haujaguswa hata na nyongeza. Pensheni ya wategemezi nayo, mtumishi akifariki, mara nyingi hukokotolewa kwa msingi uleule.

Utaambiwa basi mtumishi aweke akiba mwenyewe, si anapata zaidi leo? Danganya toto. Pensheni ni ujira ulioahirishwa. Kumpa mtu bonasi isiyo na uhakika badala yake ni kumhamishia mzigo wa uzee wake huku ukimpongeza.

Hoja moja ya upande wa pili naikubali. Pensheni ikifuata mshahara wa miaka ya mwisho, kuingiza bonasi ni kukaribisha ujanja: bosi anammwagia mwenzake alama za juu anapokaribia kustaafu, na mfuko unamlipa mpaka kaburini. Lakini dawa ipo, nayo ni wastani wa utumishi wote. Mfumo wa pensheni uitwao alpha, wa watumishi wa serikali Uingereza, ulioanza 2015, kila mwaka humwongezea mtumishi pensheni ya asilimia 2.32 ya mshahara wake wa mwaka huo unaohesabiwa kwa pensheni, kisha kiasi hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Mwaka mmoja wa neema hauwezi kuubeba utumishi mzima. Cha ajabu, hata huko tuzo za utendaji zinazolipwa kwa mkupuo kwa kawaida zimeachwa nje.

China ilikwenda mbali zaidi. Chini ya utaratibu wa zamani, mtumishi wa taasisi ya umma aliyefikisha miaka 35 kazini alistaafu na asilimia 90 ya mshahara wa msingi. Malipo ya ufanisi, yaliyoanza kwa walimu mwaka 2009, hayakuhesabiwa. Mageuzi ya pensheni yaliyotangazwa 2015 yakayaingiza kwenye kiwango kinachokatwa mchango, asilimia 8 kwa mtumishi. Makato yanauma, lakini angalau hela hiyo inaonekana kwenye hesabu za uzeeni.

Vyama vya wafanyakazi vinapoteza muda mwingi kubishania fomu za tathmini. Vingeanza na kifungu kinachotaja ni malipo yapi yanahesabiwa kwenye pensheni na yapi hayahesabiwi. Nawe, kama pensheni yako ni ya kuchangia, chukua slipu ya mwezi ulioingia bonasi, uilinganishe na ya mwezi uliotangulia. Mchango ukiwa uleule, jibu unalo.