Bibi Harusi Aliingia na Kunguni

Mjomba wangu anauza dawa ya kunguni. Nalisema mapema ili baadaye asije mtu akaniuliza ile sauti ilitoka wapi. Ana baiskeli, ana spika iliyofungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi, na ana tangazo alilolirekodi mwenyewe, ambalo watoto wa Ngamiani hapa Tanga wanaliimba wakienda madrasa: “Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Kunguni anakufa, mayai yanakufa, wajukuu wanakufa! Panya akila kwako, anakwenda kuzikwa kwa jirani!”

Tangazo hilo amelijaza kwenye flashi nzima ya GB 4, nakala juu ya nakala, kwa sababu faili likiisha spika hunyamaza kidogo kabla ya kuanza upya, na Mjomba hapendi kimya. Kimya, anasema, ndicho kinachomlea kunguni.

Alhamisi ya sendofu ya binti yake alinijia dukani jasho likimtiririka.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Futa kunguni wote humu, niwekee nyimbo za mwanangu. Upesi, ukumbi unanisubiri.”

Nikafuta. Sasa, kufuta kwenye flashi ya FAT32, yaani iliyopangwa kwa mtindo huo wa kuhifadhi faili, ni jambo la jina tu. Kompyuta inabadilisha herufi ya kwanza ya jina la faili, inaandika kwamba nafasi yake iko wazi, basi. Sauti yenyewe ya Mjomba ilibaki palepale, neno kwa neno, mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake.

Nyimbo zilikuwa kama MB 600. Mimi natumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na amri naziandika kwa mkono, sina habari na kuburuta vitu kwa mausi. Nikaandika cp, amri ya kunakili, nikabonyeza enta, na kabla Mjomba hajamaliza kujifuta uso, kishale kilikuwa kimerudi kinapepesa: kazi imekwisha, lete nyingine.

“Tayari!” Mjomba akanyoosha mkono.

“Bado, mjomba.”

“Bado nini, na yenyewe imesema tayari?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Flashi yake ni ile ya kununua kwa mmachinga stendi, ikijitahidi sana inaandika MB 5 kwa sekunde. MB 600 zinataka dakika 2 nzima. Zimeingiaje kwa kufumba na kufumbua? Hazikuingia. Programu inapoandika kwenye faili, kerneli, yaani kiini cha Linux, haikimbilii diski, ambayo hapa ndiyo flashi. Inazipokea data, inazilaza kwenye RAM, memori ya muda, katika vipande viitwavyo kurasa, KB 4 kila kimoja, inazitia alama kwamba ni chafu, yaani diski bado haina habari nazo, halafu inaijibu programu kwamba imeshaandika. Baadaye, kwa wakati wake, zinaamka nyuzi za kerneli zenye kazi ya kuzisukuma kurasa hizo. Zinaamka kila baada ya sekunde 5, zinatafuta kurasa zilizokaa chafu zaidi ya sekunde 30, zinaanza na hizo. Uchafu ukipita asilimia 10 ya memori inayoweza kutumika, zinaanza kusukuma bila kungoja umri. Ukifika asilimia 20, hata programu inayoandika inazuiliwa mlangoni. Hivyo ndivyo Linux nyingi zinavyokuja zimepangwa, na laptopu yangu yenye RAM ya GB 8 haikuona MB 600 za taarabu kuwa jambo la kuitoa jasho.

Nikamfungulia Mjomba dirisha la pili la maandishi, nikamwonyesha faili la /proc/meminfo, linaloonyesha hali ya memori, mstari ulioandikwa Dirty, yaani chafu. Namba ilikuwa imepita kB 600,000, imesimama, haitikisiki.

“Nyimbo za mwanao ndizo hizi. Ziko humu bado, hazijatoka.”

Mjomba akaikodolea macho namba ile kama vile inamdai. Punde ikaanza kushuka, na kitaa chekundu cha flashi kikaanza kuwaka na kuzima. Nikaandika umount, amri ya kuiachia flashi, ambayo hairudi mpaka kurasa zote zimefika zinakokwenda. Ikaganda.

“Imekufa?”

“Inasubiri. Taa ikitulia ndiyo utachomoa. Sasa hivi ukiitazama amri hii kwenye orodha ya programu zinazoendeshwa ina herufi D, maana yake imelala usingizi usioamshwa. Hata uipige kill -9, amri ya kuua programu kwa nguvu, haifi.”

“Haifi?” Kwa mara ya kwanza siku ile Mjomba alionyesha hamu ya kitaalamu.

Hapo simu yake ikalia. Mkaza mjomba. Sikusikia kila kitu, ila nilisikia “pilau”, nikasikia “wakwe wameshafika”, nikasikia “wewe mwanamume una akili kweli?” Mjomba akasema naam, naam, ndiyo nakuja, na mkono usioshika simu ukaenda pembeni mwa laptopu ukachomoa flashi.

“Mjomba!”

“Imeganda hii. Na flashi yenyewe inanipigia indiketa, ilikuwa inataka kutoka.”

Bodaboda ilikuwa inanguruma nje. Nilipogeuka, kerneli ilikuwa inamwaga malalamiko kwenye logi, mstari kwa mstari: hitilafu kwenye sdb1, ndilo jina la flashi, ukurasa umepotea, ukurasa umepotea, ukurasa umepotea. Nikampigia Mjomba; simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Mkaza mjomba akianza kusema, mtandao wenyewe ndio unaochoka kwanza. Nikabeba laptopu chini ya kwapa nikamfuata.

Balaa la flashi iliyochomolewa namna ile ni kwamba haionyeshi jeraha. Majina ya faili na jedwali linalosema wimbo upi umeshika nafasi ipi, navyo ni kurasa chafu kama nyingine, vinasukumwa kwa zamu yao. Siku ile vilikuwa vimewahi kufika. Kwa hiyo didjei alipoichomeka flashi aliziona nyimbo zote, majina kamili, ukubwa kamili. Akaujaribu mwanzo wa wimbo wa kumwingiza bibi harusi, ukaimba safi kabisa, akaridhika. Kumbe ni mwanzo tu uliofika. Kuanzia katikati, jedwali lilikuwa linaelekeza kwenye nafasi ambazo wimbo ulipangiwa lakini haukuwahi kuandikwa. Na kwa kuwa flashi ilikuwa imejaa tangazo pomoni, kwenye nafasi hizo aliyekuwepo ni nani?

Niliingia ukumbini wakati mlango mkubwa unafunguliwa. Wapambe mbele, mashada mkononi. Binamu yangu nyuma yao, amefunikwa, amependeza mpaka mimi niliyemjua tangu akipiga mbizi bandarini na kaptula ya kaka yake nikasita kidogo. Vinanda, fidla, vigelegele. Wakwe kutoka Muheza wamesimama mstari wa mbele, mama mzaa bwana harusi leso iko machoni. Mwimbaji akafika penye kumsifu mama aliyezaa, akavuta sauti, akaipandisha, akaipandisha,

krrr,

“KUNGUNI ANAKUFA!”

Ukumbi mzima ukanyamaza. Aliyeendelea ni Mjomba peke yake, kwa spika sita.

“Mayai yanakufa! Wajukuu wanakufa!”

Ingekuwa video, labda picha ingekwama tu. Lakini MP3 imekatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande na kichwa chake, na kicheza muziki kikikuta takataka kinaruka mbele kutafuta kichwa kinachofuata. Kilitafuta, kikampata Mjomba, kikaendelea kwa uaminifu mkubwa.

Didjei akashtuka, akarukia wimbo wa pili. Huo haukuwa umefika hata mwanzo wake.

“Panya akila kwako, anakwenda kuzikwa kwa jirani!”

Wakwe wakatazamana. Emsii, na Mungu amzidishie, akadaka maiki: “Naam! Hao ndio wadhamini wetu wa leo, tuwapigie makofi!” Na watu wakapiga. Kuna mzee upande wa Muheza alipiga makofi kwa dhati kabisa, nadhani ana shida ya panya. Binamu yangu alikuwa bado amesimama mlangoni, na shela lake lilikuwa linatikisika. Mkaza mjomba akadhani analia, akamkimbilia. Alikuwa anacheka hadi wanja ukawa umefika shavuni.

Nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye mitambo, wimbo ukaanza upya, bibi harusi akarudishwa nje akaingia mara ya pili. Pilau nilikula nimesimama, nikiwa nimeegemea waya wa chaji ili asije mtu mwingine mwenye haraka. Nikiwa pale nikamwona mama mzaa bwana harusi amemvuta Mjomba pembeni, anamwuliza kwa sauti ya chini ya mende bei gani.

Ijumaa baada ya Alasiri tukaitwa kikao kwa Bibi. Wakwe nao wakaja, na mshenga wao akaanza kwa adabu: wao hawana neno, ila maneno “wajukuu wanakufa” yametamkwa mbele ya biharusi, na kwao jambo kama hilo haliachwi likapita hivihivi. Mjomba akasema laptopu yangu imelogwa. Nikapewa nafasi nijieleze. Nikaeleza yote: RAM, kurasa, sekunde 30.

Bibi alisikiliza huku anachambua mchele. “Kwa hiyo mashine inasema nimemaliza, na haijamaliza.”

“Inamaanisha imepokea, Bibi.”

“Kama fundi cherehani. Nguo yako tayari bi mkubwa, kumbe kitambaa hata mkasi hakijauona.”

Nikajitahidi kuitetea kerneli. Nikasema diski ni nzito, RAM ni nyepesi, na kila programu ikisubiri diski kwa kila neno utaandika barua moja mpaka Ramadhani. Tena ukibadilisha ukurasa uleule mara kumi ndani ya sekunde hizo, diski inaguswa mara moja. Na jambo lenyewe halikuanza jana: Unix, mfumo wa kompyuta wa maabara ya Bell Labs, toleo la saba la 1979, ilikuwa na kiprogramu kinachoitwa update, kazi yake ni kila sekunde 30 kuita sync, yaani yaliyo kwenye memori yateremke diskini. Wazee wa enzi hizo, wakitaka kuzima mashine, walizoea kuandika sync mara tatu, maana ya kwanza iliweza kurudi kazi haijaisha, zilizobaki zilikuwa za kuvuta muda.

“Mara tatu?” Bibi akaacha mchele. “Mara tatu ni talaka. Lisitajwe hapa hilo, ndoa ni kesho.”

“Siku hizi kwenye Linux moja inatosha, Bibi. Inasubiri yenyewe mpaka mwisho.”

“Moja sawa. Moja ina rejea.”

Mama mdogo alikuwa ameshaingiwa na wasiwasi mwingine. “Na pesa zangu za kwenye simu? Nazo zimelazwa kwenye RAM?”

Nikamtuliza. Mifumo inayoshika pesa za watu huweka kumbukumbu zake kwenye database, na database ikijua kazi yake haitegemei hisani ya sekunde 30. Inaita fsync: faili hili, sasa hivi, nami nasimama hapa mpaka lifike. Likishafika ndipo unajibiwa kwamba muamala umekubaliwa. Ile cp yangu haina tabia hiyo usipoiongezea amri. Sikumsimulia ya 2018, wakati watengenezaji wa PostgreSQL, mojawapo ya hizo database, walipogundua kwamba kwenye Linux fsync ikigonga mwamba, kurasa zilezile ambazo hazikufika zinaweza kupewa alama ya usafi, na ukiita fsync mara ya pili unajibiwa hakuna tatizo. Mama mdogo ana presha.

Mshenga akakohoa. Akasema wao wa Muheza wameelewa, hakuna uchawi, ni haraka tu ya mzee, na kama hakuna lingine waombe ruhusa, njia ni ndefu na giza linaingia. Akaanza kutafuta viatu.

“Kuna lingine,” Bibi akasema. “Mwezi uliopita ulikaa mkeka huuhuu ukatuambia mahari imekamilika, na kilemba cha baba yake kimekamilika. Nikaandika kwenye daftari.”

“Ndiyo, Bibi.”

“Sasa nataka kujua. Imefika, au imepokelewa tu?”

Mjomba akainua kichwa. Tangu kikao kianze hakuwa amekaa wima kiasi kile.

Mshenga akatazama dari, akatazama mkeka, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungulia faili la /proc/meminfo mbele za watu. “Sehemu kubwa… iko njiani, Bibi. Inashuka.”

“Mjukuu wangu,” Bibi akaniita bila kunigeukia, “kafunge huo mlango. Leo hapa hachomoki mtu.”