Joto la Kale Lililohifadhiwa katika Udongo wa Kilwa

Kila mjadala wa mabadiliko ya tabianchi unapopamba moto, hakosekani mtu wa kusema kwamba dunia imewahi kuwa na joto kuliko la leo, kabla hata binadamu hajakuwapo, na kwa hiyo hofu ya sasa haina msingi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli kabisa. Sehemu ya pili haitokani na ya kwanza, na baadhi ya ushahidi wa kuipinga umechimbwa hapa hapa kwetu, katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi.

Wengi wetu tukisikia jina la Kilwa tunakumbuka magofu ya Kisiwani, msikiti mkuu na biashara ya dhahabu. Wanajiolojia wanaochunguza tabianchi ya kale hukumbuka foraminifera, viumbe wa baharini wa chembe moja wanaojijengea gamba la chokaa lisilozidi punje ya mchanga. Walipokufa walizama, wakafukiwa na tope laini lisilopitisha maji, na baada ya mamilioni ya miaka sakafu hiyo ya bahari ikainuka ikawa nchi kavu. Watafiti wakiongozwa na mwanajiolojia Paul Pearson, kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, waliichoronga na kutoa sampuli zake. Udongo huloweshwa, huoshwa juu ya chekecheke yenye matundu madogo sana, kisha magamba huokotwa moja moja kwa ncha ya brashi chini ya hadubini. Magamba ya Kilwa hupitisha mwanga kama kioo, ilhali mengi ya umri huo yaliyotolewa katika bahari kuu ni meupe kama chaki.

Tofauti hiyo ya kioo na chaki si jambo dogo. Gamba hubeba oksijeni nyepesi na nzito kwa uwiano unaotegemea joto la maji lilimojengwa, hivyo linaweza kusomwa kama kipimajoto. Kwa muda mrefu magamba ya bahari kuu yalionyesha kwamba katika enzi ya Eosini, takriban miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita, wakati jamii ya mamba iliishi hadi ndani ya Aktiki, bahari za tropiki hazikuwa na joto hata la kufikia la leo. Matokeo hayo yaliwatatiza sana wanaounda modeli za tabianchi, na yaliwapa wengine sababu ya kudai kwamba tropiki zina kinga ya asili dhidi ya kupata joto zaidi. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba ya Tanzania: joto la juu ya bahari lilikuwa nyuzi 28 hadi 32, pengine zaidi. Yale ya chaki yalikuwa yameumbika upya katika baridi ya sakafu ya bahari, yakachukua kipimo cha huko chini.

Kwa hiyo tropiki hazina kinga. Hilo peke yake lingetosha kutushughulisha, lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni kasi. Miaka milioni 56 iliyopita kaboni nyingi iliingia hewani, dunia ikapata joto la nyuzi 5 au 6 zaidi, bahari zikaongezeka tindikali, na foraminifera wengi wa sakafu ya bahari wakatoweka kabisa. Tukio hilo lilichukua maelfu ya miaka kufikia kilele, na zaidi ya miaka 100,000 kutulia. Leo tunatoa takriban tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka, kiasi kinachokadiriwa kuwa mara kumi ya kasi ya wakati ule. Anayetaja joto la kale ili kututuliza anapaswa kutaja na muda huo pia.

Tabaka za tukio hilo zimo vilevile katika udongo wa Kilwa. Zinaashiria nchi iliyozidi kukauka huku mvua zake, zilipokuja, zikija kwa vishindo na kusomba udongo mwingi kuupeleka baharini. Mei 2024, mafuriko yaliyoambatana na kimbunga Hidaya yalipokata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, wilayani Kilwa, sikudai wala sidai kwamba mkasa mmoja unathibitisha lolote. Nilisikitika tu kwamba katika habari zote nilizosoma siku zile kuhusu Kilwa na mvua, hapakuwa na sentensi moja iliyowaambia wenyeji kwamba kumbukumbu ndefu ya mvua zao iko chini ya miguu yao, na kwamba imeshasomwa.