Usitoboe mfuniko wa buti, tafuta mwingine

Subaru Impreza ya zamani ikishapata mmiliki mpya hapa Dar, injini ikakaguliwa na tairi zikabadilishwa, kinachofuata karibu kila mara ni spoila, ule ukingo au bawa linalofungwa nyuma juu ya buti. Na hapo ndipo akili huwekwa pembeni. Mtu aliyehangaika wiki nzima kuuliza habari za gasketi na tabo anamkabidhi fundi wa bodi funguo, anamwonyesha picha kwenye simu, na jioni anakuta drili imeshapita kwenye mfuniko wa buti. Gari limependeza, sibishi. Maji yataanza kuonekana ndani ya buti masika.

Msimamo wangu ni huu: kama gari lako halikuja na spoila na wewe unaitaka, usinunue spoila. Nunua mfuniko mzima wa buti uliotoka kwenye gari lililofungwa spoila tangu kiwandani, ufunge huo, na wa kwako uuweke ndani ya nyumba. Nazungumzia Impreza sedani ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza Japani mwaka 1992 na kufikia tamati mwaka 2000, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mwenye Toyota Altezza au Celica atachukua yanayomfaa.

Tuanze na ukweli kuhusu kwa nini tunaitaka. Ni rali. Dereva Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995 akiendesha Impreza, akashinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaja kuishinda Safari hiyo hiyo mwaka 2000, naye kwa Impreza. Vumbi lile la Kenya ndilo lililotuingiza wengi kwenye ugonjwa huu. Kisha kuna Impreza toleo la 22B ya mwaka 1998, magari 400 tu kwa soko la Japani, yenye bawa unaloweza kulibadilisha pembe. Kutaka gari lako lifanane na hayo si kosa hata kidogo. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba unafunga bawa ili gari "lishike barabara" ukitoka Mbezi kwenda Posta.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Tuseme bawa fulani linakandamiza nyuma ya gari kwa uzito wa kilo 40 ukiwa kwenye kilomita 200 kwa saa. Ukishuka hadi 80, zinabaki kilo 6 na kidogo. Kwenye 50, ambao ndio mwendo halali mjini, ni kilo mbili na nusu. Mfuko wa sukari ulioachwa kwenye buti unakaribia kazi hiyo.

Hii haina maana kwamba spoila ni uongo wa watengenezaji. Mwaka 1972 Porsche walipotoa Carrera RS 2.7, kile kimkia kilichoinuka nyuma, ambacho Wajerumani wenyewe walikifananisha na mkia wa bata, kilipunguza kweli tabia ya gari hilo la 911 kuinuka nyuma kwenye mwendo mkali. Audi TT nayo ilizinduliwa mwaka 1998 ikiwa na mgongo laini bila kitu chochote. Baada ya ajali za mwendo kasi kwenye barabara kuu za Ujerumani, kampuni iliyaita magari yarudi kurekebishwa, ikaongeza kispoila kidogo nyuma, ikabadilisha mambo kwenye sasipensheni na kuweka mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo. Kispoila chenyewe ni kidogo hata mtu asiyejua magari hakioni. Ninachojifunza hapo ni kwamba kinachofanya kazi kinaweza kuwa kidogo sana, mradi kimechorwa kwa ajili ya mgongo wa gari lile.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni BMW 3.0 CSL ya mwaka 1973. Bawa lake halikuruhusiwa barabarani Ujerumani, kwa hiyo kampuni ililiweka ndani ya buti na kumkabidhi mteja gari. Kufunga ni juu yako. Nadhani hakuna muuzaji wa spoila aliyewahi kuwa mkweli kiasi hicho.

Sasa uchaguzi. Spoila ni ule ukingo ulioshikana na mfuniko. Unaukata upepo unapoondoka kwenye gari. Bawa limeinuliwa kwa miguu na upepo unapita juu na chini yake. Kwenye sedani, upepo ukishavuka paa na kioo cha nyuma huwa umevurugika, ndiyo maana bawa fupi lililokaa katikati ya vurugu hizo hufanya kidogo, na mabawa ya mashindano hupandishwa juu ili yaupate upepo safi. Hapo linakuja tatizo jingine: ukifanikiwa kweli kukandamiza nyuma peke yake, unaipunguzia pua uzito, na gari linaanza kukataa kukata kona kwenye mwendo mkali. Anayefunga bawa kubwa bila kugusa mbele amefanya nusu ya kazi, tena nusu isiyo salama. Kwa bahati nzuri mabawa mengi yanayouzwa mtaani hayana nguvu ya kuleta balaa hilo.

Kwa hiyo chagua kwa jicho, lakini jicho lililotulia. Kwa Impreza ile mimi hupendelea spoila ya chini ya WRX za mwanzo, zile Impreza za mwendo kasi, iliyofuata mstari wa mfuniko. Bawa refu la STI, toleo kali zaidi, za mwishoni mwa miaka ya 1990 linataka gari zima liwe na sura hiyo: bampa, rimu, urefu kutoka ardhini. Ukilipachika kwenye gari la lita 1.5 lenye vifuniko vya plastiki kwenye rimu, watu hucheka ukishapita. Nasema hivi nikijua nitatukanwa.

Vifaa navyo vina tabia zake. Spoila nyingi za kiwandani za wakati ule ni plastiki ngumu iliyo wazi ndani. Ni nyepesi, hukaa sawasawa, ila jua likizichoma miaka mingi rangi huchubuka na nyufa huanza miguuni, kwa hiyo chunguza miguuni kwanza. Za faiba ni rahisi kutengeneza, lakini mara nyingi hazilingani na mkunjo wa mfuniko. Utaona fundi anazikandamiza kwa bolti hadi zikae, na mfuniko unabonyea. Isipokaa yenyewe juu ya mfuniko kabla ya bolti hata moja kufungwa, irudishe dukani.

Nikirudi kwenye mfuniko mzima, sababu yangu kubwa ni kutu. Tunaishi kando ya bahari. Kila tundu la drili ni bati tupu, na hewa ya chumvi haihitaji mwaliko. Kwenye mfuniko uliotoka na spoila kiwandani, matundu yalitobolewa kabla ya rangi, yakapata kinga sawa na bodi nzima. Tena spoila ikizeeka au ukiichoka, unarudisha mfuniko wako wa asili na gari linakuwa kama lilivyozaliwa. Magari haya sasa yana miaka zaidi ya 25, na mnunuzi anayejua hutazama mambo hayo. Gharama? Rangi utalipia tu kwa vyovyote, kwa sababu hata spoila peke yake haiji na rangi ya gari lako.

Ukiwa mtaa wa Gerezani hapa Dar au popote unaponunua spea za mtumba, hakikisha mfuniko ni wa sedani ya kizazi kile kile, fungua na kufunga kufuli, angalia bawaba na ukingo wa chini ndani, ambako kutu hujificha. Omba na vile vyuma vya springi vinavyoinua mfuniko. Bawa zito juu ya springi zilizochoka maana yake ni buti linalokushukia kichwani ukiwa umeinama kutoa mizigo.

Najua wapo watakaotoboa hata baada ya kusoma haya yote. Basi msimamie fundi. Abandike utepe wa karatasi kwenye mfuniko, aiweke spoila mahali pake, apime umbali kutoka kingo zote mbili na asiamini kipimo kimoja. Atazame upande wa ndani kabla ya kutoboa, maana mfuniko una mbavu na nyaya. Aanze na drili nyembamba, kisha nene. Chembe za chuma zifyonzwe zote, kwa sababu zikibaki juu ya rangi huanza kutu haraka ajabu na kuacha madoa mekundu. Ukingo wa kila tundu usafishwe, upakwe praima na rangi, vikauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia mteja mwingine. Halafu ziwekwe washa za mpira, silikoni kidogo kuzunguka tundu, na bolti zikazwe kwa mkono wa kiasi. Siku chache baadaye zikaguliwe tena.

Gundi ya utepe wa pande mbili naikubali kwa spoila ndogo ya ukingo tu. Sehemu isafishwe kwa spiriti, ikandamizwe vizuri, na gari lisioshwe kwa siku tatu kwa kuwa gundi ya aina hiyo huchukua takriban saa 72 kufikia nguvu yake kamili. Kwa bawa lenye miguu, gundi peke yake ni hatari kwa aliye nyuma yako.

Kama spoila ina taa ya breki, iunganishe. Taa iliyokufa juu ya bawa inaonekana kuliko taa isiyokuwepo. Waya upitishwe kwenye bawaba ukiwa na ulegevu wa kutosha mfuniko kufunguka, na pale unapoingia kwenye bati uvalishwe mpira. Baadaye mwagia maji nyuma kwa dakika kadhaa, inua zulia la buti na upapase shimo la tairi la akiba.

Mfuniko wako wa asili usiulaze chini chumbani watu wakaanza kuweka masanduku juu yake. Usimamishe ukutani, ufungie blanketi kuukuu. Atatokea mtu kuuliza kama unauuza, na atakuja na bei nzuri. Mwambie hapana.